Vermentino, Assyrtiko au Etna Bianco: upi unakwenda na nini mezani?

Zabibu_Kavu
Wadau, naomba ulinganisho. Chupa za mvinyo mweupe ni tatu: Vermentino di Gallura ya Sardinia, Assyrtiko ya Santorini na Etna Bianco ya Sicily. Chakula ni pasta yenye bottarga (mayai ya samaki yaliyokaushwa kwa chumvi), pweza wa mkaa, na samaki mzima wa tanuri. Ipi iende na nini, na nianze na ipi?

Mpishi_wa_Zamu
Mkuu, usipange kwa aina ya samaki. Angalia kilichomo na kilicho juu yake: chumvi, mafuta, ndimu.

Bottarga mpe Vermentino. Gallura ni ardhi ya mchanga wa graniti, na mvinyo wake huacha uchungu mdogo wa lozi mwisho wa funda. Uchungu huo ndio unaosafisha ulimi baada ya mafuta ya mayai. Ikwangue juu ya pasta ukishaiepua, gramu 10 hadi 15 kwa sahani. Ukiipika motoni shombo linapanda na mvinyo wowote utaharibika mdomoni. Ndimu weka kidogo sana: chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unapooza na unabaki uchungu mtupu.

Majivu_na_Chumvi
Pweza ni wa Assyrtiko, hapo hakuna mjadala. Udongo wa Santorini ni majivu na mawe ya volkano, karibu hauna mfinyanzi, ndiyo maana filoksera, mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, hakushika pale. Mizabibu inasimama kwenye mizizi yake yenyewe. Upepo ni mkali, hivyo wakulima husokota matawi yakawa kikapu kilicholala chini (wenyewe wanakiita kouloura) na vichala vikajificha ndani. Ajabu ya zabibu hii ni kwamba huiva juani na uchachu haupotei: alkoholi inafika asilimia 13 au 14, na bado mate yanakujaa kama umelamba ndimu.

Pweza wa kilo 1.5 mchemshe moto mdogo dakika 45 hadi 60, mpaka kisu kipite bila kushikwa. Mkaushe kabisa kwa kitambaa ndipo umpeleke kwenye mkaa. Akiwa na maji anatoa mvuke badala ya kuungua kingo, na ule moshi ndio Assyrtiko inaoutafuta.

Soma lebo: ikiandikwa Nykteri imekaa kwenye pipa angalau miezi 3. Ni nzito, usianze nayo.

Glasi_Tatu
Samaki wa tanuri apewe Etna Bianco. Kisheria Carricante, zabibu yake kuu, isipungue asilimia 60; ikiwa Superiore (daraja la juu) ni 80, na zabibu zinatoka Milo, mashariki ya mlima Etna. Ikiwa changa hunukia tofaa la kijani na kidogo tu, watu wanaidharau. Iache glasini dakika 15.

Mpangilio: Vermentino, Etna, Assyrtiko. Glasi ziwe za aina moja, ml 50 kila moja. Onja kwanza bila chakula, kisha na mkate wenye mafuta ya zeituni na chembe za chumvi, mwisho na kipande cha ndimu. Utaona chumvi inalainisha uchachu, na ndimu inaufifisha mvinyo.

Joto ndilo linalowakosesha wengi. Vermentino nyuzi 8 hadi 10, hizo mbili 10 hadi 12. Ikiwa nyuzi 4, moja kwa moja kutoka frijini, harufu inafungwa na unalinganisha baridi tu. Na ukinusa boksi lililoloa maji, kizibo kimeharibu chupa. Kuisubiri hakusaidii, fungua nyingine.

Zabibu_Kavu
Asanteni. Na pweza akiwa wa nazi, mwenye pilipili?

Majivu_na_Chumvi
Hapo Assyrtiko iweke pembeni, mkuu. Pilipili huzidisha ukali wa alkoholi, asilimia 14 itachoma koo. Chukua Vermentino ya kawaida ya asilimia 12.5, Superiore huanzia 13. Ipoze hadi nyuzi 8, na pilipili itoe mbegu. Tui liwe zito lakini lisikatike, maana likikatika mafuta hutanda ulimini na mvinyo hausikiki tena.