Julai, siku moja, pikipiki ya cc 650, njia za milimani za Alps: Stelvio (Italia), Grossglockner (Austria) au Susten–Furka–Grimsel (Uswisi)?

Mzigo_Mwepesi: Wakuu, nichague ipi? Pikipiki ni silinda moja, kabureta, na nitakuwa na abiria.

Klachi_Kavu: Stelvio ndiyo yenye jina: mita 2,757, kona 48 kutoka kijiji cha Prato, kila moja na namba yake. Ila ilijengwa 1820–1825, enzi za magari ya farasi, kwa hiyo kona ni finyu na basi likishuka linaijaza yote. Shusha hadi gia ya kwanza kabla ya kona, gusa breki ya nyuma tu, macho yawe kule unakotokea. Wengi huanguka wakitembea polepole: wanaachia resi katikati, injini inazima, mguu wa ndani unakosa ardhi. Ukiwa na abiria ndiyo kabisa.

Bi_Gia: Mkuu, unaitisha bure. Saa moja asubuhi Stelvio haina mabasi. Tena asirudi alikopandia. Ashukie njia ya Umbrail (mita 2,501) aingie Uswisi.

Fundi_Breki: Kwa abiria, Grossglockner. Kilomita 48, kona 36, barabara pana. Ina tozo na usiku hufungwa. Ukikunja kwenda kilele cha Edelweissspitze, barabara ni ya mawe ya kupangwa. Yakilowa yanateleza vibaya.

Kubwa zaidi ni kushuka. Tumia gia ileile ambayo ungepandia. Ukining'inia kwenye breki, mafuta yake yaliyonyonya unyevu yanachemka, mkono wa breki unalegea hadi kwenye mpini. Kama yamepita miaka miwili, badilisha kabla ya safari. Kabureta nayo: juu hewa ni nyepesi, petroli inazidi, plagi inaweka masizi. Nguvu hupungua karibu asilimia 10 kila mita 1,000, usidhani injini imekufa.

Klachi_Kavu: Hapo sawa. Bado kwa siku moja naona Uswisi inashinda: Innertkirchen, Susten (mita 2,224), Wassen, Andermatt, Furka (2,429), Grimsel (2,164), unarudi Innertkirchen. Kama kilomita 120, milima mitatu. Stika ya tozo ya faranga 40 ni ya barabara kuu za kasi tu, huku juu huihitaji.

Bi_Gia: Hilo silipingi. Jaza tangi Andermatt. Ukisikia honi ya basi la njano la posta kwenye kona isiyoonekana mbele, simama pembeni. Dereva wake ndiye anayepanga nani apite.

Mzigo_Mwepesi: Haya, nachagua mzunguko wa Susten. Mafuta ya breki nabadilisha wiki hii, naweka aina ya DOT 4.

Fundi_Breki: Soma kwanza kifuniko cha kitangi cha mafuta ya breki. Chupa iwe mpya. Iliyofunguliwa zamani imeshanyonya unyevu.