Kitochi! Eti mimi albamu nasikilizia kwenye kitochi! Huyu bwana leo kanivua nguo hewani

FundiSpika_Msamvu:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Dakika 20 hazijapita tangu nikatiwe simu hewani. Redio bado iko kwenye benchi la kazi inaongea, nimeigeuzia ukutani maana siwezi kutazamana nayo.

Simtaji jina. Mnamjua. Kipindi cha jioni, yule anayecheka kabla utani wake haujafika, anayeita kila wimbo "moto wa gesi", hata wa msibani. Huyo huyo.

Leo kaja na orodha yake ya albamu 10 bora za miaka ya karibuni, za hapa na za mbele. Nikaacha kulehemu, nikakaa kwenye kigoda nisikilize. Namba moja kaweka albamu ambayo haijatoka. Narudia: HAIJATOKA. Ya swahiba wake, anasema kaisikia studio wakiwa wanakula mishkaki. Sasa sisi tubishane na mishkaki?

Halafu GNX ya Kendrick Lamar haimo kabisa. Sababu? "Ina nyimbo 12 tu, hapo mnunuzi kaibiwa." Kaibiwa! Albamu ambayo jamaa aliiachia tarehe 22 Novemba 2024 bila tangazo, bila bango, bila kumwambia mtu, sisi huku ni usiku tumeshafunga vibanda, tukaikuta tu imekaa mtandaoni inatusubiri. Inaanza na yule dada wa mariachi (muziki wa Mexico), Deyra Barrera, anaimba Kihispania, huelewi neno hata moja na mwili unasisimka, halafu mdundo unaingia kama lori linamwaga kokoto. Dakika 44. Sijawahi kuruka wimbo hata siku moja. Kaibiwa nani?

Nikapiga. Simu yangu kubwa ilikuwa kwenye chaji, na dakika za kupigia ziko kwenye laini ya kitochi. Nani humu hana kitochi cha kupigia? Nimepiga mara 19 ndiyo nikapokelewa. Nikamsalimia kwa adabu zote, nikamwambia kaka, albamu haipimwi kwa wingi kama nyanya kwenye sado. Sound from Africa ya Rayvanny, 2021, ina nyimbo 23. Kijana anaimba, hilo sibishi, lakini ukifika wa 15 umeshasahau ulianza na upi. Taylor Swift katoa albamu Aprili 2024, baada ya saa mbili tu kaongeza nyimbo 15, zikawa 31, unatafuta mlango wa kutokea huuoni. Billie Eilish mwaka huo huo kaweka nyimbo 10 tu, hakutanguliza hata singo moja, na ile besi ya "Chihiro"...

Hapo kwenye neno besi ndipo aliponikata. "Besi? Kaka unapigia simu gani hiyo, mbona unasikika kama uko ndani ya ndoo?"

Nikamjibu ukweli, sina cha kuficha. Ya kitochi.

"Sasa kitochi na besi wapi na wapi!" Studio nzima kicheko. Halafu akabonyeza sauti ya mbuzi.

MBUZI, wakuu. Meeeee. Simu ikakatika.

Mimi! Fundi wa spika mwaka wa 11 huu hapa Msamvu. Nimefungua sabufa nyingi kuliko milango aliyofungua yeye toka azaliwe. Kila nikibandika koni mpya naiacha gundi ikauke usiku kucha, asubuhi wimbo wa kupimia ni huo huo "Chihiro", kwa sababu besi yake inatembea chini taratibu, na koili ikikaa upande hata kwa unene wa unywele utaisikia tu, kwaru, kwaru. Wimbo wenye makelele unaficha ubovu wa spika. Huo hauifichii. Halafu mimi ndiye naambiwa sijui besi. Na mbuzi juu yake!

Mama mkwe wangu alikuwa anasikiliza, yuko Kilosa huko. Kanipigia kwa upole kabisa: "Mkwe, yule mbuzi alikuwa wako?"

Na sikuwa nimemaliza! Nilitaka nimuulize ile kauli yake ya wiki iliyopita, eti singeli haina albamu, ina fujo. Studio ya Sisso, mtayarishaji wa singeli, iko Mburahati, Dar, panda bajaji tu. Wale wa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala wamezitoa kazi zao tangu 2017, na mwaka 2024 Sisso na Maiko wakatoa Singeli Ya Maajabu, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, wenzetu Ulaya wanacheza mpaka viatu vinatoka. Muziki umetoka Mburahati ukafika Ulaya, masikio yake hauyafikii. Mimi sabufa ikivumilia ile kasi bila kukohoa namwita mwenyewe aje na hela yake.

Ila siyo singeli inayoniuma. Siyo Kendrick. Ni yule mbuzi.

Ngoja_Waje: Siti ya mbele. Kuna mwenye rekodi ya mbuzi?

Binti_Ngamiani: Nilisikia laivu nikiwa nakaanga samaki. Pole sana fundi, lakini yule mbuzi aliingia kwenye biti kabisa. Nilidhani ni wimbo mpya.

FundiSpika_Msamvu: Dada yangu, usinichekee. Ungekuwa wewe uko hewani, watu mkoa mzima wanakusikia, unaongea kwa adabu, halafu meeee?

Msomi_wa_Ihumwa: Mleta mada kosa ni lako. Mtu akikuuliza unapigia simu gani unataja ile ya bei mbaya kuliko zote hata kama umeazima ya jirani. Wewe unasema kitochi! Ukweli mwingine unausemea nyumbani.

Ngoja_Waje: Halafu mbuzi siku hizi ni heshima, ile "GOAT" ya Kizungu, maana yake bora kuliko wote. Young Lunya kaiita albamu yake Mbuzi. Mkuu umetunukiwa hewani na hujui.

FundiSpika_Msamvu: Lunya kajiita mwenyewe. Mimi nimeitiwa. Kuna tofauti kubwa sana hapo.

Mtoto_wa_Eastlands: Wasee wa Bongo, salamu kutoka Nairobi. Hiyo list ilikuwa na Midnight Train ya Sauti Sol ama ilisahaulika? Nyimbo 13, Juni 2020, tumefungiwa kwa nyumba, na ile kwaya ya Soweto kwa "Brighter Days" ndiyo ilitubeba. Na Victims of Madness ya Wakadinali, mwaka huo huo, je? Ama hip-hop ya Kenya hamsikii huko? Sisi hapa presenta anaongea juu ya ngoma mpaka verse ya pili, akinyamaza ni matangazo. Afadhali mbuzi, mbuzi hulia mara moja tu.

FundiSpika_Msamvu: Midnight Train kaiweka namba 7 halafu akaicheza sekunde 15. Hiyo kwaya ukiisikiliza kwenye spika mbili nzuri za inchi 12 unasikia kabisa nani kasimama kushoto na nani kulia. Yeye kaikata kabla hawajafungua midomo. Kwa nini? Apate muda wa kunipigia mbuzi!

Zuchu_Damu: Yaani mnalia na mbuzi wakati orodha nzima haina Peace and Money? Albamu ya kwanza ya dada yetu, Desemba 2024, baada ya miaka minne tangu ile EP yake. Orodha ya wanaume watupu. Huyo bwana akiulizwa anasema "wanawake wana singo, hawana albamu". Alisema hivyo mwezi uliopita, nilikuwa saluni, dryer ikazimwa tumsikilize vizuri.

Bad_Marioo_Kimara: Afadhali Zuchu hayumo. Marioo yumo namba 9! The God Son namba 9! Ule wimbo wa "Nairobi" na Bien peke yake unastahili nafasi tatu. Bora kutowekwa kuliko kuwekwa namba 9, ni kama kualikwa harusini ukapewa kiti cha plastiki nje karibu na jenereta.

Kiba_Mpaka_Kaburini: Na Only One King ya Alikiba je, 2021, nyimbo 16, imeenda wapi? Mnabishania watoto mfalme hayupo.

Zuchu_Damu: Mfalme gani anayetoa albamu kwa mwaka wa uchaguzi?

Kiba_Mpaka_Kaburini: Albamu si maandazi dada, haitoki kila asubuhi.

FundiSpika_Msamvu: Jamani mada ni mbuzi. MBUZI.

Mzee_wa_Kanda: Vijana wangu, nimesoma yote nimesikitika. Mnahesabu nyimbo kwa sababu mna kidole cha kuruka. Mwaka 2001 Profesa Jay alipotoa Machozi, Jasho na Damu sisi tulinunua kanda. Ukiruka wimbo unapeleka mbele, mota inakula betri, kwa hiyo huruki. Unasikiliza upande wa kwanza mpaka ukate kwa sauti ile ya "tap", unageuza. Hata wimbo usioupenda unakaa nao mpaka unaupenda. "Ndiyo Mzee" nimeijua neno kwa neno namna hiyo, siyo kwa kutaka. Mkanda ukitafunwa unautoa pole pole, unazungusha kwa kalamu ya Bic, panapokatika unaunga kwa gundi ya karatasi, na pale palipoungwa sauti inaruka kidogo. Mpaka leo nikisikia ile albamu simuni, ikifika mahali pale masikio yangu yanasubiri iruke. Hairuki. Naona kama wameibadilisha.

Binti_Ngamiani: Shikamoo mzee. Betri tulikuwa tunazianika juani.

Mzee_wa_Kanda: Marahaba mwanangu. Juu ya bati. Na ukiziuma kidogo kwa jino zinaongeza wimbo mmoja.

Bando_Limekata: Wazee mlikuwa na raha, betri inaanikwa, bando nalianika wapi? Cowboy Carter ya Beyoncé ina nyimbo 27. Nilinunua bando la saa 24 nikaanza kuisikiliza, ikakata wimbo wa 9. Nikaongeza salio, ikala ujumbe wa "ndugu mteja". Imechukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka Februari 2025 watu wanashangilia, mimi hata sijui ilimalizikaje. Hayo ndiyo malalamiko. Mbuzi ni bure.

Msomi_wa_Ihumwa: Hili la bando lina uzito. Mimi la usiku lilikwisha nimelala. Simu yenyewe ilijipakulia programu.

Mtoto_wa_Eastlands: Huku ni hivyo hivyo. Unaweka ya wiki inaisha Jumanne.

FundiSpika_Msamvu: Bando, nakuomba kwa heshima, anzisha uzi wako nitakuja kukuunga mkono. Hapa mtu mzima nimeliliwa na mbuzi hewani.

Bad_Marioo_Kimara: Tuongeze na maemsii wa harusi. Wimbo uko kwenye kiitikio, bibi harusi anaingia, yeye "mpigieni makofi shangazi wa Bariadi!" Shangazi mwenyewe yuko chooni.

Zuchu_Damu: Hahaha hao ndio wabaya kuliko wote. Wa kwangu alikosea jina la bwana harusi mara mbili.

Kiba_Mpaka_Kaburini: Alitaja la nani?

Zuchu_Damu: Tuyaache hayo.

Ngoja_Waje: Hapana, hatuyaachi. La nani?

Kijana_wa_Kihonda: Samahani fundi, niko nje ya mada kidogo. Sabufa yangu inavuma hata bila kuweka wimbo. Nifanyeje?

FundiSpika_Msamvu: Inavuma muda wote au ukipandisha sauti?

Kijana_wa_Kihonda: Muda wote. Mmmmmm. Hata sauti ikiwa sifuri.

FundiSpika_Msamvu: Hizo ni kapasita za pawa. Zitakuwa zimevimba kichwani, badala ya kuwa bapa zina kitumbo. Usifungue mwenyewe hata kama umechomoa kwenye umeme, zile zinaweka chaji ndani zinaweza kukurusha. Ilete kesho saa mbili asubuhi, jioni unaondoka nayo.

Kijana_wa_Kihonda: Asante sana kaka. Nije na wimbo wa kupimia?

FundiSpika_Msamvu: Wa kupimia ninao.

Binti_Ngamiani: Fundi na mimi, redio yangu mpaka niishike antena ndiyo inaongea. Nikiiachia inanyamaza.

FundiSpika_Msamvu: Waya wa antena umeachia pale shinani, ndani. Dakika 5 tu, mtu yeyote mwenye bunduki ya kulehemu hapo Tanga atakurudishia. Mwambie asitumie risasi nyingi.

Bando_Limekata: Na koni ya inchi 8 kubadilisha ni bei gani?

FundiSpika_Msamvu: Ya kwako imechanika katikati au ni ule mpira wa pembeni?