Baba amekataa kuhama bonde, sasa anataka pesa. Nitume ama nisitume?

Mtoto_wa_Bonde
Habari zenu wadau. Naomba ushauri na tafadhali asiye na la kusema apite tu, maana sijalala vizuri siku tatu. Mi nafanya kazi Eldoret, kwetu ni kule chini bonde la Kerio, upande wa Marakwet, si mbali na Tot. Wiki mbili zilizopita wezi wa mifugo walikuja usiku wakachukua mbuzi wa majirani wawili na mmoja wao akapigwa risasi ya paja akiwa anafungua mlango wa jikoni. Kwetu walipiga moja tu kwa bati wakapita. Baba alinitumia picha ya hilo tundu, unaona mbingu, na chini yake ndio kitanda alikokuwa amelala mtoto wa dada yangu.

Siku hizi ikifika jioni baba anawavua mbuzi kengele, moja moja, anaziweka kwa debe na kuzifunika na gunia ili usiku wakijitikisa wasisikike mbali. Tangu nikiwa mdogo hizo kengele ndio zilikuwa zinatuambia mbuzi wako wapi. Saa hii boma limenyamaza kama kuna msiba.

Nimemwambia apande juu Kapsowar nimpangie nyumba, amekataa katakata. Anachotaka ni nimtumie pesa. Sasa nitume, ama nikaze hapo hapo kwa kuhama mpaka akubali?

Mama_Wawili
Pole sana mwanangu. Tuma. Mzazi akiomba usimhoji. Mi baba yangu aliniomba pesa ya dawa mwezi wa nane nikamwambia mshahara haujaingia, na kweli haukuwa umeingia, lakini kwa Mpesa nilikuwa na elfu nne za chama. Alikufa mwezi wa tisa. Sikulaumiwa na mtu hata mmoja ila mpaka leo nikiona ile namba yake kwa simu siwezi kuifuta. Tuma tu.

Mwalimu_Mstaafu
Achana na pesa kwanza, huyo mtoto aliyekuwa kwa kitanda yuko wapi saa hii? Mi nimefundisha Baringo Kusini karibu na Arabal miaka mingi. Siku moja niko darasa la nne, dasta imeniponyoka ikagonga sakafu ya simiti, watoto wote thelathini na kitu wakalala chini kwa mara moja, hakuna aliyelia, hakuna aliyeuliza. Waliamka nilipowaambia ni dasta. Nilienda ofisini nikakaa nikashindwa kurudi hilo somo. Mtoto anayejua kulala chini hivyo amesoma kitu ambacho mimi sikumfundisha. Mtoe huyo mtoto wiki hii, mzee atafuata ama asifuate.

Msukuma_Halisi
Poleni majirani. Sisi huku Usukumani na Unyamwezini miaka ya themanini mwanzoni wizi wa ng'ombe ulikuwa balaa, wazee wakaanzisha sungusungu. Upinde, mshale, filimbi na kiapo. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa kijiji kizima kinatoka, mwizi anafuatwa mpaka ng'ombe warudi. Hakukuwa na bunduki. Nyie Wakenya mnapenda kusubiri serikali mkuu.

Kapteni_Mstari
@Msukuma_Halisi mshale dhidi ya AK? Na useme pia sungusungu waliua watu kwa tuhuma tu, wakiwemo vikongwe walioitwa wachawi. Usituletee nusu ya hadithi.

Mwenye uzi, mi nina swali dogo. Pesa ngapi, na ya nini? Umeandika kengele, umeandika bati, hapo kwa pesa ukaruka.

Mtoto_wa_Bonde
Ni ya mahitaji tu kaka. Mambo ya usalama wa boma.

Kapteni_Mstari
Usalama wa boma ni ua, ni mbwa, ni taa. Hizo haziwezi kukunyima usingizi siku tatu. Ngapi?

Mtoto_wa_Bonde
Elfu sitini.

Mama_Wawili
Ehe. Elfu sitini ya ua?

Mtoto_wa_Bonde
Sawa wacha niseme. Ni ya bunduki. Vijana wa kijiji wamekubaliana kila boma itoe, kuna mtu ataleta. Na kabla hamjaanza kunihukumu naomba mnielewe. Sisi tulikuwa na askari wa akiba, wale NPR, wazee tunaowajua, bunduki ya serikali iko kwa nyumba ya fulani na kila mtu anajua. 2019 serikali ikazikusanya ikisema wengine wanazitumia vibaya. Pengine ni kweli wengine walizitumia vibaya, siwezi kubisha. Lakini waliokuwa nazo bila serikali kujua hawakurudisha hata moja. Kwa hivyo waliobaki mikono mitupu ni wale waliokuwa wanafuata sheria. Februari 2023 likaja jeshi na ile Operesheni Maliza Uhalifu, wenye bunduki haramu wakapewa saa 72 za kuzisalimisha, tukapumua kidogo. Wameanza tena kuandikisha NPR wapya, lakini upande wetu aliye karibu yuko mbali kwa miguu, na usiku nani atatembea? Ile siku ya tundu baba alipiga simu kituoni akaambiwa gari halina mafuta. Mnataka alale akingoje mafuta?

Wakili_wa_Kijiji
Ndugu yangu futa huo ujumbe. Raia wa Kenya hapewi leseni ya AK, hata awe nani, kwa hivyo hakuna njia ya kuihalalisha baadaye. Akishikwa nayo mzee ni kifungo, na wewe uliyetuma pesa kwa simu umeacha alama kila mahali. Silaha ikisakwa kijijini hawataangalia nani aliinunua ya kulinda na nani ya kuiba. Hiyo njia ya kuadhibu kijiji kizima hatukuanza nayo juzi, mkoloni alikuwa anafanya hivyo hivyo, mifugo ya ukoo mzima inazuiliwa kwa sababu ya kosa la watu wachache, na maeneo ya huko kaskazini yalifungwa kwa sheria, huingii wala hutoki bila kibali. Tulipopata uhuru tukabadilisha bendera. Shule, barabara na polisi wa kueleweka vikabaki upande wa kule reli ilikopita.

Babu_Lomut
Wakili umesema vizuri, mi nitaongeza nilichokiona kwa macho. Zamani hizo ilikuwa mikuki na mishale, wizi wa ng'ombe ulikuwepo, watu walikufa lakini unahesabu kwa vidole na wazee wanakaa wanalipana. Idi Amin alipoanguka 1979 kambi ya jeshi ya Moroto kule Uganda ikaachwa, Wakaramoja wakaingia wakabeba bunduki, wengine walibebesha punda. Baada ya hapo zikashuka kwetu. Mi nilikuwa kijana. Bunduki ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya kulinda ng'ombe wa mjomba, na tulimshangilia. Mwaka uliofuata ilitumika kuleta ng'ombe.

Masisi_Damu
Bandugu, miye niko mutu ya Masisi, huku Kivu ya Kaskazini, Kongo. Nimesoma hii yote usiku na roho inauma. Siye pia tulichanga. Mama yangu aliuza maharage, akatoa franga, vijana ya kijiji wapate silaha watulinde. Walitulinda kweli, mwaka wa kwanza. Halafu wakaanza kuomba chakula. Halafu wakaweka barieri kwa barabara, kamba tu ya nailoni imefungwa kwa mti, na ukipita na gunia yako ya maharage unalipa. Ile kamba, kijana aliyekuwa anaishika ni mtoto wa mama mkubwa, tulikula naye sahani moja. Mama alilipa kama mtu mwingine. Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Goma sisi tulikuwa kambini tayari, tulikimbia mbele ya vita na nyuma tumeshakimbia watoto wetu. Usitume.

Jicho_la_Tatu
Samahani nitaharibu matanga. Hii hadithi mi nina shaka nayo. Nimerudi nyuma nikasoma nyuzi zake za zamani. Mwaka jana kwenye uzi wa mikopo huyu huyu aliandika "mimi ni mtoto wa pekee, mzigo wote uko kwangu". Leo ana dada, dada ana mtoto, mtoto ana kitanda, kitanda kina tundu juu. Ama ni mwandishi anatafuta nukuu za watu wa bonde, ama ni askari anavua samaki hapa aone nani ataunga mkono silaha. Kuweni makini na mnachoandika.

Msukuma_Halisi
Duh. Nami nilishangaa zile kengele, zimekaa kiutunzi sana.

Mama_Wawili
Jamani na mi nimemweleza habari za baba yangu.

Kapteni_Mstari
Jibu mwenye uzi. Una dada ama huna?

Chepkite
Wakati mnamngoja niseme langu. Mi natoka ng'ambo ya bonde, Tiaty. Ni Mpokot. Hapo juu mmeandika "walikuja", "wao", sijaona mtu akitaja jina na nashukuru, lakini kila mtu anajua anamaanisha nani. Kengele ni kweli. Kwetu pia tunazivua, kwa sababu hiyo hiyo. Operesheni ilipokuja helikopta zilipita juu ya nyumba ya mama yangu na yeye hajawahi kumiliki kitu kinachozidi panga. Soko la Chesegon mama alikuwa anauza asali kwa akina mama wa Marakwet, wanajuana kwa majina ya watoto. Soko likifungwa hawapigiani simu kwa sababu kila mmoja anaogopa kijana wa mwenzake atasikia. Hata vijana wetu wenye bunduki, mwanzo waliambiwa ni za kulinda. Sijui kama mwenye uzi ni mwandishi. Kama ni mwandishi, kengele ameambiwa na mtu aliyelala kule.

Mtoto_wa_Bonde
Nimesoma yote. Sikuwa nimekimbia, nilikuwa nje kwa simu.

Kwa mama yangu mimi ni mtoto wa pekee. Alifariki nikiwa darasa la sita, kaburi lake liko chini ya mwembe hapo nyuma ya boma na ndio sababu moja mzee hataki kuhama, hasemi lakini najua. Baada yake baba alioa mama mdogo, wakapata dada na kaka wa mwisho. Karo ya wote wawili nimelipa mimi, ndio maana niliandika mzigo uko kwangu. Sikupenda kuyaeleza haya hapa. @Jicho_la_Tatu sina hasira na wewe, hata mimi ningeuliza.

@Chepkite asante dada.

Kitu ambacho sikusema ni kwamba nimeshatuma nusu. Ijumaa. Elfu thelathini. Nilikuja hapa nikitaka mtu aniambie nimalizie. Na mwenye kushika hiyo bunduki si baba, macho ya mzee usiku hayaoni. Ni huyu mdogo wangu, ana miaka kumi na tisa, alimaliza kidato cha nne akakosa pesa ya chuo. Yaani pesa ya chuo ndio nilimwambia sina.

Kapteni_Mstari
Sasa umesema.

Mtoto_wa_Bonde
Lakini bado, mkijiweka mahali pangu. Wakirudi kesho na mimi nimezuia hiyo nusu nyingine, mtoto wa dada akipigwa, nitaishije? Masisi nimekuelewa, Babu nimekuelewa. Ila nyinyi mnasimulia mwaka wa pili. Sisi hatujui kama tutaufikia huo mwaka wa pili.

Masisi_Damu
Ndugu hilo neno mama yangu alilisema hivyo hivyo. Siwezi kukujibu. Nataka tu ujue kijana ya kamba alikuwa na miaka kumi na tisa.

Mwalimu_Mstaafu
Mi narudi pale pale nilipoanzia. Huwezi kumhamisha mzee, mwache na mwembe wake. Lakini huyo kijana anahamishika, na mtoto pia. Elfu thelathini ambayo hujatuma ni muhula wa kwanza wa chuo cha ufundi pale Eldoret na nauli ikabaki. Usimtumie pesa, mwite yeye. Akikosekana wa kuishika, hiyo bunduki itakuwa ya wenzake, sawa, siwezi kukudanganya kwamba haitanunuliwa, lakini haitakuwa mkononi mwa mdogo wako. Nimezika wanafunzi wangu wa pande zote mbili.

Mama_Wawili
Nimebadilisha. Usitume. Enda mwenyewe ukamuone baba yako uso kwa uso, hayo mambo hayasemwi kwa simu.

Wakili_wa_Kijiji
Na ukifika uliza kwa chifu kuhusu uandikishaji wa NPR, boma zenu ziandike barua kwa pamoja, zipelekwe kwa kamishna wa kaunti na nakala mbaki nayo. Najua utasema barua hazizuii risasi. Andikeni tu. Siku ya kuulizwa "mlisema lini" muwe na tarehe.

Mtoto_wa_Bonde
Nimempigia mzee. Nimemwambia nakuja na sijabeba pesa. Alinyamaza sana nikadhani simu imekatika, halafu akauliza kama nitakuja na sukari. Kijana sijampata, simu yake imezimwa tangu mchana.

Kuna mtu ameshuka wiki hii? Barabara ya chini kupitia Biretwo na Arror inapitika?

Chepkite
Usipite ya chini. Pita Iten, Kapsowar, Chesoi, halafu ushuke Tot. Toka Eldoret alfajiri, uwe umeteremka ukuta wa bonde kabla ya saa nane mchana, na ukikosa gari Chesoi lala huko juu, usishuke jioni hata wakikuambia kuna pikipiki.

Mtoto_wa_Bonde
Sawa. Natoka saa kumi na moja.