Utada Hikaru kwa safari moja ya basi: First Love, Fantôme au Bad Mode?

mtoto_wa_Mbezi
Wakuu, heshima kwenu. Ijumaa alfajiri napanda basi pale Magufuli kwenda Mbeya, na nyote mnajua kinachonisubiri humo ndani: runinga ya mbele, filamu ya Kikorea, na DJ mmoja anayetafsiri wahusika wote, bibi kwa babu. Nataka kujificha ndani ya hedifoni.

Simu imejaa picha za harusi ya dada, nafasi iliyobaki inatosha albamu moja. Ninayemtaka ni Utada Hikaru wa Japani. Nilimfahamu kupitia tamthilia ya Netflix ya 2022 iliyobeba jina la wimbo wake, First Love, nikadhani ni wa wimbo mmoja. Kumbe ana zaidi ya miaka 25 kazini! Nimechuja zimebaki tatu: First Love (1999), Fantôme (2016), Bad Mode (2022). Kijapani sijui hata salamu. Nichukue ipi na kwa nini? "Zote nzuri" siyo jibu.

DogoEva
Bad Mode. Funga mjadala.

kaseti_na_penseli
Mjadala haufungwi na dogo.

Chukua First Love. Utada amezaliwa New York, Januari 1983. Baba mtayarishaji wa muziki, mama ni Fuji Keiko, mwimbaji mkubwa wa enka, zile nyimbo za majonzi za Kijapani zinazoimbwa kwa sauti ya kutetemeka. Mtoto kakulia studio. Desemba 1998 katoa Automatic, Machi 1999 albamu. Nakala zaidi ya milioni 7.6 Japani peke yake, na hadi leo hakuna albamu iliyoipita kule. Miaka 16! Maneno yake, tuni zake. Mimi nikiwa na 16 nilikuwa naazima baiskeli.

Wimbo wa nne ndio ule wa tamthilia. Wakati ule ule wa 1999 ulikuwa tayari umebeba tamthilia nyingine ya Japani, ya mwalimu aliyempenda mwanafunzi wake. Ukishapita Morogoro uweke, uangalie milima.

fundi_kinanda
Kaseti, nakuheshimu, lakini mauzo si muziki. Ondoa Kijapani kwenye ile albamu, inabaki R&B ya Marekani ya miaka ya 90. Ngoma zile zile, kinanda kile kile. Kuna wimbo mle, Never Let Go, gitaa lake limetoka moja kwa moja kwa Sting. Kijana mwenye kipaji, sawa, lakini bado yuko shule.

mwl_solfa
Fundi, ngoma ni za Marekani, hilo sikubishii. Ila umeondoa Kijapani haraka mno, na ufundi uko humo humo.

Sikiliza mstari wa kwanza kabisa wa Automatic. Unamtaja mtu aliyepokea simu ilipoita mara ya saba. Mlio wa simu kwa Kijapani ni "beru", silabi mbili. Utada anaimba "be", anakata. Kisha "ru" inaangukia mwanzo wa kipande kinachofuata, imening'inia kwenye maneno yasiyo yake. Ni kama mimi niimbe "ninakupe", ninyamaze, halafu nije na "nda wewe tu". Nyinyi mliosomeshwa mashairi mnajua: ukilikata neno kati ya ukwapi na utao, vile vipande viwili vya mshororo, mzee anakurudishia karatasi yako.

Na Kijapani kinatukaribia sana hapo. Silabi karibu zote zinaishia kwa irabu, kila moja ina uzito wake, mizani unaihesabu kwa vidole. Ukiimba R&B kwa lugha ya namna hiyo kwa adabu, inatoka kama kwaya inayosoma tangazo. Nimeyasikia hayo kwa vijana wangu wakijaribu kuimba Kiswahili juu ya ngoma za kigeni, kila silabi inakaa kwenye pigo lake kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mtoto huyu kaona kwamba neno likivunjwa, lugha nayo inaanza kuyumba na ngoma. Sasa rudia wimbo, uone kama utaweza tena kutoisikia ile "be".

fundi_kinanda
Nimerudia mara nne. Mwalimu umeniharibia jioni, sisikii kitu kingine ila "be".

Shemeji_PS2
Mimi nilimjua kwenye Kingdom Hearts, ule mchezo wa PlayStation, mwaka ule ule wa kugombania pedi na binamu. Wimbo wa mwanzo, Hikari, una toleo la Kiingereza, Simple and Clean, na maneno ya Kiingereza si tafsiri, kayaandika upya kabisa. Kwenye orodha yako haumo, lakini ulipwe heshima.

DogoEva
Na nyimbo za Evangelion, zile filamu za katuni za Kijapani, je? Beautiful World 2007, Sakura Nagashi 2012, One Last Kiss 2021. Huyu mtu amenilea.

Osaka_kwa_muda
Habari zenu kutoka huku, nipo masomoni. Niruhusuni niseme kwa kirefu, maana naona Fantôme haina wakili.

Usichukue albamu kabla hujajua ukimya uliotangulia. Mwaka 2010, akiwa juu kabisa, alitangaza anasimama ili aishi kama binadamu wa kawaida. Akaaga kwa maonyesho mawili Yokohama, Desemba, akapotea. Agosti 2013 mama yake akafariki. Baadaye akaolewa, akapata mtoto wa kiume, akawa anaishi London. Aprili 2016 zikatoka nyimbo mbili siku moja, Septemba ikatoka Fantôme.

Albamu yote imemzunguka mama yake. Hanataba wo Kimi ni, yaani shada la maua kwako, ilikuwa wimbo wa tamthilia ya asubuhi ya NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani. Watu walikuwa wanakunywa chai na kutafuta soksi za watoto huku wimbo wa msiba unapiga, na wengi hawakujua ni wa msiba. Inaweza kusikika kama barua ya mapenzi. Manatsu no Tōriame, mvua ya kupita katikati ya kiangazi, ndiyo nzito zaidi. Kinanda, nyuzi, na sauti ambayo haijifichi popote. Ngoma inaingia kwa kuchelewa sana, imelegea, kama mtu anayetembea bila kujua anakokwenda.

Zamani alipenda kuchomeka Kiingereza kwenye viitikio, na mashabiki tulikipenda. Hapa amekipunguza, amesimama ndani ya Kijapani karibu muda wote. Kwa mtoto wa mwimbaji wa enka, naona ni kama kurudi nyumbani kwa mlango ambao mama aliutumia. Hayo ni yangu, msinishike shati.

Mtoto_wa_Mbezi, kutojua Kijapani si tatizo hapo. Kilio hakina kamusi.

kaseti_na_penseli
Wakili kafika, tena na joho lake.

bi_mwanakombo
Swali la pembeni. Nimesoma mahali kwamba Utada hajihesabu mwanamke wala mwanamume. Ni kweli au maneno ya mitandao?

Osaka_kwa_muda
Ni kweli, bibie, alisema mwenyewe Juni 2021. Kwa Kiingereza watu walianza kubishana watumie kiwakilishi gani. Kiswahili kimetuachia "yeye", tunaendelea na safari.

Na ukitaka kuisikia hiyo ndani ya muziki, iko Fantôme wimbo wa pili, Ore no Kanojo. "Ore" ni "mimi" ya kiume, tena ya mwanamume mwenye kifua. Utada anaimba sauti ya bwana, kisha ya mpenzi wake, wanapokezana na hawaelewani. Wajapani wana "mimi" nyingi, na huyu anazivaa na kuzivua. Mwaka 2006 aliimba wimbo wa watoto akiwa dubu, kwa "boku", ile ya wavulana. Nimeuimba kwenye karaoke. Sitaeleza zaidi.

DogoEva
Sasa nipewe nafasi kwa Bad Mode, mmenikalia.

Kwanza, sauti imerekodiwa vizuri kupita zote, kwa hedifoni utaelewa. Pili, lugha mbili zinaingiliana ndani ya mstari mmoja bila mshono. Tatu, wimbo wa mwisho, Somewhere Near Marseilles, karibu dakika 12, kaufanya na Sam Shepherd, yule mtayarishaji wa Uingereza anayejiita Floating Points. Dakika 12! Unazungumzia wapenzi wawili wanaopanga wakutane wapi, kila mmoja anatoka kwake, basi tuseme karibu na Marseille. Hakuna zaidi. Ni mipango ya safari inageuka muziki wa kucheza.

fundi_kinanda
Hapa nipo na dogo, na mimi si mtu wa kusema hivyo ovyo. Nimeuchunguza huo wimbo. Besi inazunguka pale pale, na wewe husubiri kiitikio kwa sababu unagundua hakiji. Sauti yake inakuja, inasema jambo la kawaida kabisa, la safari na chumba cha hoteli, inaondoka. Ngoma inabaki. Kuacha nafasi wazi kiasi hicho kunahitaji ujasiri. Mwenye miaka 16 asingeweza, angejaza kila pengo.

Kasoro: katikati ya albamu kuna nyimbo zilizotoka moja moja kwa ajili ya filamu na tamthilia, na zinasikika hivyo. Fantôme imeshonwa vizuri zaidi.

mwl_solfa
Ila kwa basi, dakika 12 za besi na matuta ya barabarani… kijana atashindwa kujua kipi ni kipi.

kaseti_na_penseli
😂😂 Nimekubali kushindwa kwa sababu ya matuta, si kwa sababu ya hoja.

bi_mwanakombo
Mbona hakuna aliyetaja Hatsukoi ya 2018? Nimeuliza mjukuu wangu, kaniambia maana yake ni "mapenzi ya kwanza". Yaani karudia jina lile lile, safari hii kwa Kijapani, baada ya miaka 19. Nimesikiliza wimbo wenye jina hilo. Nyuzi na kinanda, na mapigo kama ya moyo wa mtu aliyekimbia. Ule wa 1999 unaaga: mapenzi yamekwisha, nitakukumbuka. Huu wa 2018 ndio kwanza yanaanza, na anatetemeka kuliko alipokuwa mtoto. Mnashindanisha tatu, na hiyo imekaa nje ya mlango.

Osaka_kwa_muda
Bi Mwanakombo, shikamoo. Nina miaka sita na huyu msanii na sikuwahi kuziweka sambamba hivyo.

bi_mwanakombo
Marahaba mwanangu. Vaa sweta, huko baridi.

mtoto_wa_Mbezi
Wakuu, mrejesho. Nimeingia na Fantôme. Pia nimefuta picha 40 za keki ya dada, nikapata nafasi ya Automatic na huo Hatsukoi wa Bi Mwanakombo. Dada hajui, na asijue.

Naandika kipande kipande mtandao unapokubali. Michi, wimbo wa kwanza, nimeambiwa maana yake ni njia. Ulianza tukitoka Mbezi na ukanichangamsha kuliko nilivyotarajia kwa albamu ya msiba. "Be" nimeisikia, mwalimu, Mungu anakuona. Mikumi tembo wawili, twiga sikuhesabu.

Manatsu no Tōriame nilikuwa nimeirudia mara ya tatu tukipanda Kitonga, basi linakwenda kama linabeba mayai, lori limeharibika kwenye kona. Mama wa kiti cha pembeni akanigusa bega: "Mwanangu, huyo anaimba nini, mbona uso wako uko hivyo?" Nikamwambia kafiwa na mama yake. Akaniomba upande mmoja wa hedifoni.

Tumeshapita Mafinga na hajaurudisha.