Naomba ushauri: nipangeje somo la Timor-Leste mwaka 2002?

Wakuu, naombeni ushauri. Naandaa mada ya historia kwa wanafunzi wa kidato cha nne kuhusu Timor-Leste, nchi ndogo ya kusini-mashariki mwa Asia, mwaka 2002 ilipopata uhuru, na mpangilio unanisumbua.

Aprili wananchi walimchagua Xanana Gusmão kuwa rais, mtu aliyeongoza wapiganaji msituni dhidi ya Indonesia na kufungwa Jakarta, mji mkuu wa Indonesia. Usiku wa kuamkia Mei 20, pale Dili, mji mkuu, bendera ya Umoja wa Mataifa, uliokuwa ukiisimamia nchi kwa muda, ikateremshwa, ya taifa jipya ikapanda, Katibu Mkuu wa Umoja huo Kofi Annan akishuhudia. Rais Megawati wa Indonesia naye alikuwepo, na ni nchi yake iliyowavamia mwaka 1975! Hapo ndipo natamani kukaa kipindi kizima. Septemba 27 wakaingia Umoja wa Mataifa, mwanachama wa 191.

Sasa Desemba 4 ghasia zililipuka Dili, nyumba ya Waziri Mkuu Mari Alkatiri, aliyeishi uhamishoni Msumbiji miaka mingi, ikachomwa moto. Mwalimu mwenzangu anasema niliache hilo, litaharibu shangwe ya uhuru. Mimi naona vijana wana haki ya kulijua.

Je, nifuate tarehe tu, au nianze na moto wa Desemba ndipo nirudi nyuma? Mliowahi kufundisha mada kama hii, wanafunzi walielewa zaidi kwa njia ipi?