Naadhibiwa kwa pombe nisiyokunywa, nipo Okinawa. Naombeni ushauri

Mtoto_wa_Tandika
Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Niliingia Marekani kwa green card, nikajiunga na Marine. Sasa ni koplo, nina mwezi wa nane hapa Okinawa, Japani. Wiki mbili zilizopita jamaa wa platuni yetu alidakwa na polisi wa Japani akiendesha gari kalewa. Tangu hapo platuni nzima hatutoki kambini, pombe marufuku hadi bwenini, na Jumamosi tunaamshwa saa kumi alfajiri kufagia maegesho.

Mimi pombe sijaionja toka nizaliwe. Nikimuuliza sajenti, ananijibu, "Mlikuwa wapi mwenzenu anachukua ufunguo?" Nilikuwa nimelala! Hii ni halali kweli? Na nikilalamika, maombi yangu ya uraia yatakwama?

Babu_Kidevu
Pole dogo. Samaki mmoja akioza... malizia mwenyewe hapo na fagio lako.

Mama_Wawili
Mdogo wangu, mume wangu ni Navy, haya si mageni. Juni 2016 baharia mmoja aliendesha gari upande usio wake hukohuko Okinawa, akajeruhi watu. Mabaharia wote wa Marekani walioko Japani wakapigwa marufuku kunywa, ndani na nje ya kambi. Novemba 2017 Marine mlevi akaua mzee wa watu kwa lori mjini Naha, safari hiyo marufuku ikagusa wanajeshi wote wa Marekani nchini humo. Wenyeji hawajasahau ya 1995, yule binti wa miaka 12 aliyebakwa na wanajeshi wa Marekani. Kamanda akisikia Okinawa na pombe kwenye sentensi moja, halali usingizi.

Afande_Mstaafu
Koplo, hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Kuzuiwa kutoka na kunywa ni amri. Ikitolewa ugenini kulinda uhusiano na wenyeji, kisheria haihesabiwi adhabu, na ukiivunja unakumbana na kifungu cha 92 cha sheria ya jeshi, cha kutotii amri. Hapo tulia.

Kufagia ni habari nyingine. Kazi za ziada kama adhabu hutolewa kwa kifungu cha 15, yaani adhabu ya kamanda bila mahakama, na kifungu hicho humshika mtu mmoja mmoja kwa kosa lake. Wakisema ni "mafunzo ya ziada", yanapaswa kurekebisha upungufu wako wewe. Upungufu wako ni upi, kufagia? Andika tarehe na saa. Anza na sajenti, akikaza, omba rasmi kuonana na kamanda. Ni haki ya kila Marine, na kukulipizia kisasi kwa hilo ni kosa. Kulalamika kwa utaratibu hakuvunji uraia.

Swali moja tu. Gari lilikuwa la nani?

Mtoto_wa_Tandika
Langu, afande. Aliniamsha saa saba usiku, nikampa ufunguo nikalala tena.

Mama_Wawili
Yesu wangu.

Afande_Mstaafu
Ulijua amelewa?

Mtoto_wa_Tandika
Alikuwa ananuka, ila huyo hunuka kila siku.

Afande_Mstaafu
Acha kuandika hapa. Sheria ya Japani humwadhibu anayempa mlevi gari sawa na mlevi mwenyewe, hadi miaka 5 jela, na kosa la nje ya kambi mtu akiwa mapumzikoni huamuliwa kwanza na Wajapani. Kesho asubuhi nenda kwa wakili wa utetezi wa jeshi, ni bure. Sajenti akikuuliza tena habari za ufunguo, mwambie kwa heshima kwamba utajibu wakili akiwepo. Fagia kimya kimya kwanza.

Babu_Kidevu
Mods, futeni jibu lake la gari.