Mtoto anakohoa, bibi kaleta asali

Mama Pili: Jamani niko Nkuhungu hapa Dodoma, huu upepo na vumbi umemfanya mwanangu wa miezi nane akohoe siku ya nne leo, bibi yake kaleta asali na majani ya mkaratusi eti nimfukize, ni sawa kweli?

Mgogo Halisi: Asali hapana dada, mpaka atimize mwaka. Na kumfukiza ndo usithubutu, wangu sufuria lilimmwagikia, kovu liko pajani mpaka leo.

Mama Two: Mfunue kifua, hesabu pumzi dakika nzima akiwa katulia halii, zikifika 50 au mbavu zinabonyea ndani kimbia zahanati, hiyo inaweza kuwa nimonia

Mama Pili: 54 😢 naita boda